Kadi za maneno mafupi: tengeneza mwenyewe (mshale uchore mwisho!)

Kamwene, wapendwa! Karibuni tena hapa Kihesa, Iringa. Baridi ya leo usiseme, nimevaa masweta mawili na jiko la mkaa liko miguuni. Tunatengeneza zile kadi zangu za maneno mafupi, zile ninazouza ndani ya kikapu kidogo cha milulu. Ndiyo, nafundisha bidhaa yangu mwenyewe. Mwenye uvivu atanunua.

Vifaa: manila, rula, wembe, maka peni nyeusi na nyekundu. Kata vipande vya sentimita 6 kwa 9. Kukata sikuonyeshi, shule ya msingi wote tumepita.

Mbele unaandika neno moja, herufi zisizidi nne. Nyuma unaandika maana zake katika lugha mbalimbali. Kisha mshale mwekundu, kutoka lugha iliyokopesha kwenda lugha iliyokopa. Mshale ndio wenye kesi. Usichore sasa. Nasema tena, weka maka nyekundu mbali kabisa. Mimi yangu naikalia.

Kadi ya kwanza, KAA. Kaa hapa, kaa la moto, na yule kaa wa pwani anayetembea kiubavuubavu. Huku milimani hatumjui sana, tumwandike tu. Sasa fanya hivi: uliza majirani. Wachewa wa Malawi kukaa wanasema khala, makaa wanasema makala. Umeona ile l? Kiswahili kimeiangusha njiani, ndiyo maana tumebaki na a mbili zinazotazamana kama pengo la jino. Neno hili ni la Kibantu, tumelirithi pamoja na hao majirani. Kurithi si kukopa, kwa hiyo hakuna mshale. Wengi wanachora hapa. Acha.

Ya pili... Aa! Dogo, kikombe! Kikombe! Haya, chai yote mezani. Usizime, wacha waone, maisha ndiyo haya. Lete kitambaa. Siyo hicho, hicho ni kitenge cha bibi yako.

Basi, kwa vile chai imejileta yenyewe, tuandike CHA. Wachina wanaita chai cha. Wareno nao chá, waliichukua huko huko upande wa Macau. Iliyopita nchi kavu hadi Uajemi ikaongezewa i, ikawa chai, nasi tukaipata hivyo. Wachina wa Fujian wao husema te, Waholanzi wakaibeba melini, ndiyo Waingereza wakapata tea yao. Wakulima wa Mufindi wanachuma jani lile lile, jina tu ndilo lilipanda vyombo viwili. Lakini angalia: cha ya "kikapu cha milulu", ya mcha Mungu na ya kumekucha haziingii hapo. Mshale uende kwa chai peke yake.

SI na LA nitazipitia haraka, ingawa SI ndiyo naipenda kuliko zote. Sisi tunakataa kwa si, Mwitalia anakubali kwa sì. Wamisionari wa Consolata, shirika la Kikatoliki la Waitalia, walifika Tosamaganga, hapa hapa Iringa, mwaka 1919. Mimi huwa nacheka peke yangu nikiwaza siku zao za kwanza sokoni. LA ya kukataa, ile ya "la hasha", ni Kiarabu, mshale upo. La ya kula na ya "jina la mtoto" ni zetu. La ya Wafaransa imetoka Kilatini, haituhusu.

Sasa sogeza simu, dogo. Karibu zaidi. Unapiga kidole chako! Haya. Hii ni sarafu ya babu, 1 Heller, mwaka 1910. Wajerumani walianza na pesa 64 kwa rupia moja. Pesa yenyewe ni paisa ya Wahindi. Mwaka 1904 wakageuza, rupia ikawa heller 100, na hapo ndipo tulipopata HELA. Wajerumani nao jina walilitoa mji wa Hall, huko kwao. Mishale miwili, safi. Waswidi wana hela pia, maana yake "nzima". Hiyo imefanana tu, iandike bila mshale.

Tazama herufi zilizo kwenye sarafu: D, O, A. Ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, lakini kila ninayemwonyesha anasoma doa. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

DOA. Kwetu ni alama chafu, madoa ya chai kama haya. Kireno ni "anatoa msaada". Kiindonesia ni maombi. Mimi nikajifanya mjuzi: anayesali sana anapata alama ya sijida kwenye paji la uso, alama ni doa, basi doa la Kiswahili limetoka kwenye maombi! Nikachora mshale mnene. Nikauza pakiti 34. Mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, akanirudishia kadi taratibu: "Mwanangu, neno hilo tunalo siku zote, ni dua. Kiarabu kimetupa sisi dua, na Waindonesia doa. Hili la nguo chafu linaingiaje?" Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo, kabla ya mshale: fungua kamusi, uliza majirani, kisha uliza neno lilipita njia gani, nani alilibeba. Hadithi tamu ikikujia kichwani, funika maka kwanza. Funika!

Nyote mlionunua zile pakiti 34, leteni kadi ya DOA niwabadilishie bure. Walio mbali, kwangueni mshale kwa wembe, mkono mwepesi, maana manila ikichanika hapo nyuma haishiki tena wino.