Ofa Mfukoni: Namba Unayoingia Nayo kwa Bosi

Mhadhara kwa wafanyakazi vijana wa sekta binafsi, Mbeya

Marahaba, marahaba, kaeni. Mliotoka Iringa, kamwene. Wenyeji, ugonile. Tuanze, maana mwenyekiti kanipa saa moja na tayari anaangalia simu yake.

Kila ukumbi swali ni lile lile: "Nimepata ofa sehemu nyingine, nimwambieje bosi aniongeze?" Mnataka maneno. Mngependa niwape sentensi moja, mkaikariri kwenye bajaji kutoka Kabwe mpaka Mwanjelwa, mkifika ofisini muitamke na mshahara upande. Maneno nitawapa, ni machache. Kinachowaangusha ni namba. Mtu anapokea barua ya ofa, anaona tarakimu pale juu, anaibeba vilevile mpaka kwa bosi. Ile namba si yake. Hajaipima.

Watumishi wa umma mliomo humu, nisameheni kwanza. Aliye kwenye ngazi ya TGS, ile ya mishahara ya serikali, hana cha kujadiliana na mkurugenzi wa halmashauri hata akija na ofa tano. Ngazi imepangwa na serikali. Sikilizeni kwa ajili ya wadogo zenu. Ninaongea na walioko viwandani, kwenye mashamba makubwa, kwenye mabenki, kwenye miradi, na ninyi wa Tunduma mnaotoa mizigo mpakani.

Kwanza karatasi. Ofa ni barua. "Njoo tu mdogo wangu, huku tunalipa vizuri" siyo ofa, hata kama aliyesema ni meneja na alisema kwa WhatsApp ukaipiga picha. Barua ionyeshe cheo, kituo cha kazi, mshahara wa msingi, kila posho kwa jina na kiasi chake, tarehe ya kuanza, muda wa majaribio, mkataba ni wa muda gani, siku ya mwisho ya kujibu, na sahihi. Ukishaviona vyote, tafuta penye maneno "kwa sharti kwamba". Kwa sharti kwamba wadhamini wako watajibu. Kwa sharti kwamba afya yako itapimwa. Hayo yanavumilika. Lakini "kwa sharti kwamba mfadhili atasaini mradi", hapo huna ofa, una matumaini. Huku kwetu kwenye miradi ya kilimo na afya watu wameshaacha kazi kwa barua za namna hiyo, wakabaki wanasubiri saini ya mtu aliyeko Ulaya.

Sasa ubao. Andikeni, msipige picha. Anayepiga picha hafanyi hesabu.

Tumchukue mhandisi kijana wa matengenezo kwenye kiwanda cha chai Mufindi. Analipwa 900,000 kwa mwezi, yote mshahara wa msingi. Ana deni la Bodi ya Mikopo, la masomo ya chuo. Anakatwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 90,000. Inabaki 810,000 ya kutozwa kodi. Kwa jedwali la PAYE, kodi ya mshahara, ukifika 760,000 umeshalipa 68,000, na kila shilingi ya juu yake hadi milioni moja inakatwa asilimia 25. Zile 50,000 zilizozidi zinatoa 12,500. Kodi jumla 80,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Mkononi anapata 594,500. Mnacheka? Mwenye laki tisa anakula laki tano na tisini na kitu. Hata slipu zenu zinasema hivyo hivyo, hamzisomi tu.

Inakuja ofa kutoka kiwandani Kibaha: 1,200,000. Kijana hajalala. Laki tatu zaidi! Fungueni barua: mshahara wa msingi 800,000, posho ya nyumba 250,000, posho ya usafiri 150,000. Mmeona? Mshahara wa msingi umeshuka. Ngoja nirudie, maana kuna mtu pale nyuma anaongea: mshahara wa msingi umeshuka kwa laki moja, na barua bado inaitwa ofa nono.

Tukate. NSSF kwenye 1,200,000 yote ni 120,000. Ya kutozwa kodi ni 1,080,000. Hadi milioni moja kodi ni 128,000, na inayozidi inakatwa asilimia 30, kwa hiyo 24,000. Jumla 152,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya 800,000 ni 120,000. Mkononi 808,000. Toa 594,500. Laki tatu imekuwa 213,500.

Hatujamaliza. Mufindi amepanga jirani na kiwanda kwa 60,000 na kazini anakwenda kwa miguu. Tuseme Kibaha chumba ni 150,000. Toa 90,000 ya tofauti. Nauli tuseme 1,500 kwa siku, siku 26: toa 39,000. Imebaki 84,500. Na sijahesabu kwamba mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, 900,000 kabla hajapokea hata mshahara mmoja, wala sijahesabu gari la kuhamisha kitanda.

Anayenunua mpunga Ubaruku hamwamini muuzaji eti kwa sababu tu gunia limejazwa lumbesa. Analipandisha kwenye mizani. Ninyi ofa mnainunua kwa macho.

Sasa twende upande wa pili, hapa ndipo wengi huwa hawafiki. Mhandisi wetu akibaki Mufindi, aongezwe kiasi gani ili apate hizo 84,500 zaidi mkononi? Kwa pale alipo, kila 100,000 ya mshahara wa msingi inatoa 10,000 NSSF, 22,500 kodi, 15,000 Bodi. Inamfikia 52,500. Gawanya 84,500 kwa 0.525. Ni 161,000 hivi. Kwa hiyo akilipwa 1,061,000 palepale Mufindi, mfuko wake ni uleule wa milioni moja na laki mbili za Kibaha. Hiyo ndiyo namba yake. Chini ya hapo aende. Juu ya hapo abaki, na kila shilingi ni faida.

Najua mtakachosema. "Kwa nini nisidai ile ile 1,200,000?" Dai! Nani kakukataza? Anza na 1,150,000, anza na 1,200,000 ukitaka. Lakini bosi akikujibu 1,080,000, yule asiyejua namba yake ananuna, anasema kadharauliwa, anaandika barua ya kuacha kazi, anahamia Kibaha kwenda kupata pungufu. Mwenye namba yake anajua amekwishapata. Tena bosi naye ana hesabu: kwenye 161,000 anaongeza asilimia 10 ya NSSF ya upande wake, 16,100, halafu kuna tozo ya ufundi stadi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Ukienda ukijua hilo, unaongea na mtu mwenye bajeti. Humuombi babu hela ya soda.

Hela siyo yote, nakubali, kabla mama yule hajanyoosha mkono. Kuna kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Una miaka minne hapo ulipo? Ukihama unaanza sifuri. Na kiinua mgongo cha kisheria, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka kumi, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Ukiacha mwenyewe hukidai. Tieni hayo kwenye mizani. Mimi kwa ofa inayozidi kwa elfu themanini, kwa mwajiri nisiyemjua, nisingehama. Wewe ukiamua kuhama, hama.

Jingine linalowanasa ni mkopo wa benki. Mkopo wa mshahara umefungwa kwa mwajiri uliyenaye: yeye ndiye aliyesaini kwamba makato yatapita kwake. Kabla hujamtishia mtu kwamba unaondoka, nenda benki uulize salio limebaki kiasi gani na mwajiri mpya wanamkubali au la. Vivyo hivyo SACCOS, hasa ukiwa umewadhamini wenzako. Na aliyesomeshwa na mwajiri asome ule mkataba wa kusomeshwa, ukurasa ule aliousaini bila kuusoma.

Haya, ofisini. Muda unanibana.

Usiwaambie wenzako kwanza. Usimwendee msimamizi asiye na uwezo wa kuongeza hata mia. Muombe akufikishe kwa mwenye bajeti, usimruke. Usiende tarehe 24 hesabu za mishahara zimeshafungwa, wala wakati bajeti ya mwaka imepita jana. Nenda wakati kazi yako inaonekana: wa kahawa Mbozi, katikati ya mwaka mavuno yakiingia, wa chai, mvua ikiwa imechanganya na mitambo haizimwi. Omba dakika kumi na tano, kaa, halafu sema: "Bosi, nimepata ofa ya maandishi, ninatakiwa kujibu Ijumaa ijayo. Ningependa kubaki hapa. Nikilipwa milioni moja na laki moja na nusu, nabaki." Nyamaza. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mtu wa huku akinyamaziwa sekunde tano anaanza kujishusha mwenyewe: "lakini hata milioni bosi, siyo mbaya, tutaelewana." Nyamaza! Aanze yeye.

Usilete habari ya ada za watoto na bei ya mafuta ya kula. Bosi naye anasomesha. Lete mashine uliyoiokoa, hasara uliyoizuia, mteja aliyebaki kwa sababu yako.

Akiuliza ni kampuni gani, una haki ya kutomtajia. Akitaka kuiona barua, mwonyeshe penye mshahara na tarehe, jina funika kama umeombwa siri. Lakini barua iwepo. Kuna vijana wanatengeneza barua ya ofa kwa kompyuta stesheneri. Huko ni kughushi, na ni udanganyifu unaotosha kukufukuzisha kazi hata kama kazi yako ni nzuri kuliko ya wote. Na Mbeya si kubwa hivyo. Maofisa utumishi wanajuana, simu moja tu inamaliza.

Akisema hapana? Kama ulikwenda bila kuwa tayari kuondoka, hapo umejiumbua, na mwezi ujao neno lako halina uzito. Ndiyo maana nilikazana na ubao. Kama uko tayari, mshukuru, toa notisi ya maandishi. Anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, isipokuwa mkataba umetaja zaidi kwa pande zote mbili. Na likizo siyo notisi: usichukue likizo ya siku 28 ukadhani notisi inatembea humo ndani. Dai siku za likizo ulizobakiza na cheti cha utumishi.

Akisema ndiyo, usitoke unaimba. Uliza ongezeko linaingia kwenye nini. Bahasha ya mara moja siyo ongezeko. Posho inaongeza cha mkononi, na kwa mwenye deni la Bodi haiongezi ile asilimia 15, sawa. Lakini saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo kinapigwa kwa mshahara wa msingi. Anayefanya saa za ziada nyingi kiwandani akikubali posho tupu, amejipunja. Masharti ya ajira yakibadilika mwajiri anapaswa kuyarekebisha kwa maandishi na kukujulisha. Omba barua yenye kiasi na tarehe ya kuanza, ndipo ukatae ile ofa nyingine. Siyo kabla. Wangapi wamewaaga watu wa kule Jumatatu, na Jumatano bosi akasema makao makuu wamekataa?

Ile ya kule ikatae kwa simu kwanza, halafu kwa barua fupi, ndani ya muda waliokupa. Mwaka kesho unaweza kuwahitaji.

Nilikuwa na la wanaofanya kazi kwa mikataba ya msimu, na la wale wanaolipwa nusu kwa benki nusu mkononi ili kodi isionekane. Mwenyekiti amesimama. Dada wa pale dirishani, uliza wewe kwanza, na uje na slipu yako.