Saa za Mgeni na Saa za Maji
Mhadhara kwa manahodha na vijana wa boti, Mombasa

Asalaam aleikum wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Waandaaji wamenipa kichwa kirefu: kuwaongoza wageni kuvua karibu na pwani, msimu wa joto, kwa chambo bandia. Naona wengi mmekuja na madaftari mkingoja niwatajie chambo gani kinavua. Nitavitaja. Ila niseme mapema, anayetaka kuondoka aondoke na soda yake: chambo ni jambo la tatu. La kwanza ni maji, la pili ni saa. Mgeni anayetoa pesa nzuri analipia hayo mawili, hata kama mwenyewe anadhani amelipia injini na kivuli cha turubai.

Tuanze na huo msimu wenyewe, maana safari nyingi huharibika kabla boti haijang'oa nanga. Mtu wa Florida au Texas akikuandikia kuhusu kiangazi, kichwani mwake ni Juni mpaka Agosti. Huko kwao, miezi hiyo waongozaji hutoka na vyombo vidogo vya chini bapa, huingia kwenye maji ya magotini, na mgeni hurusha chambo bandia tangu alfajiri mpaka jua likiwa kali. Akija hapa Julai na matarajio hayo atakutana na kusi, upepo wa kusini. Nje ya mwamba bahari imechafuka, na ndani hori, ile mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, zina tope la masika lisilotulia vizuri. Joto letu ni wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba mpaka Machi. Maji huwa safi, hufika nyuzi 28 na kupita, na asubuhi bahari huwa shwari kabla upepo haujashika kasi. Kwa hiyo barua ya kwanza kumjibu mgeni isiwe ya bei. Iwe ya mwezi gani aje.

Hao waongozaji wa Florida wana jambo jingine ninalolipenda. Wana samaki wao maarufu wa kwenye hori anayeitwa snuku. Katikati ya kiangazi, sehemu kubwa ya pwani yao hairuhusiwi kumbeba nyumbani, kwa sababu ndiyo miezi yake ya kuzaa. Kumvua na kumwachia, ruhusa. Kumtia kwenye friji, marufuku. Na bado watu wanalipa. Wanamlipa mtu awapeleke kwa samaki ambaye hawatamla. Fikirini vizuri hapo ni bidhaa gani inayouzwa.

Sasa maji. Wazee mlioko mbele mnayajua haya kuliko mimi, nivumilieni, nasema na hawa waliojifunzia bahari kwenye simu. Hapa Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hubaki kama mita 1. Hayo jedwali linakwambia. Ambalo jedwali halikwambii, mpaka ulikodolee macho miezi kadhaa, ni kwamba bamvua ya hapa ina saa zake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne, saa nne na nusu asubuhi. Ndiyo maana siku za bamvua unawaona wavuvi wa pweza wametapakaa mwambani saa nne, wala si saa moja. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne asubuhi maji yamejaa yametulia, na alfajiri ndiyo yalikuwa chini.

Ongezeni hesabu moja. Maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Yakianza kupwa huondoka polepole, halafu saa ya tatu na ya nne hukimbia. Katika saa hizo mbili peke yake huhama kama nusu ya maji yote. Basi kama yamejaa saa kumi alfajiri, mbio zake ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi. Jua linachomoza na maji yanakimbia kwa wakati mmoja. Mimi sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayevua kwenye mlango wa hori.

Na kwa nini mlango wa hori? Chukueni hori la Tudor, ambako mto Kombeni na mto Tsalu humwaga maji yake. Maji yakijaa, vidagaa, uduvi na mikizi wadogo huingia kwenye mizizi ya mikoko, wakala na kujificha. Maji yakianza kupwa hawana hiari, lazima watoke. Wanatokea kwenye vijito vyembamba, wamebanana, na pale kijito kinapokutana na maji ya kina, kolekole, samaki wawindaji, wamekwisha kupanga foleni. Hutaona kitu juu. Utaona mstari tu, maji ya kijani upande huu na ya kahawia upande ule, pamoja na povu dogo linalozunguka bila kuondoka. Chambo kirushwe upande wa juu wa mstari ule, kishuke na mkondo hadi kwenye povu, maana hakuna kidagaa anayeogelea kwa raha dhidi ya mkondo wa bamvua. Mgeni akivuta chambo kupanda mkondo kwa kasi, samaki anajua kuna jambo.

Sasa turudi hotelini. Kifungua kinywa huanza saa moja na nusu. Mgeni anakula mayai yake, anatafuta kofia, anafika gatini saa tatu. Ikiwa ni siku ya bamvua umempeleka wapi? Mwamba umeanza kutoka nje, propela inakata majani ya bahari, na kolekole wameshashiba na kurudi kwenye kina. Halafu mnasema samaki wamepungua. Wamepungua kweli, sikatai, lakini siku hiyo hawakupungua, ulifika wameondoka. Siku tatu baada ya bamvua mambo hubadilika. Maji hujaa kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mbio zake huwa saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu. Huyo mpenda mayai mpe siku hiyo. Mkishapanga hivi, hamna haja ya kugombana na mtu kuhusu kuamka. Anayetaka bamvua, mwambieni tunang'oa nanga tukishaswali alfajiri.

Tahadhari moja kuhusu upepo. Kaskazi ikipanda baada ya adhuhuri, au kukiwa na mawimbi yanayoingia kutoka nje, na maji yanapwa kwa nguvu kutoka horini, mlangoni huinuka mawimbi mafupi yaliyosimama. Chombo kidogo kikikatiza pale kwa ubavu, kinajaa. Umeliona hilo kwa mbali, subiri nje au ndani, popote ulipo, mpaka mkondo upungue. Jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe. Na Kilindini kwenye njia ya meli hapatiwi nanga hata samaki wawe wanaruka.

Haya, chambo. Msione kama ni mambo mageni. Nguru wamevuliwa hapa kwa manyoya meupe ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoana, mtu akirambaza nyuma ya tanga, tangu zamani. Tofauti ya leo ni rodi, rili na uzi wa kusokotwa. Chambo bandia hakina harufu. Kinamwendea samaki kwa jicho, kwa mlio, na kwa mtikisiko anaousikia ubavuni mwake. Kwa hiyo maji yakiwa masafi, kama Januari, peleka rangi ya kawaida ya samaki, fedha tumboni na kijani mgongoni, na uzi wa mbele uwe mwembamba usioonekana. Maji yakiwa na tope baada ya vuli, rangi isumbue kidogo na chambo kipige kelele.

Mimi hubeba vya aina tatu, basi. Cha kwanza ni popa, kile chenye mdomo uliochongwa ndani, ambacho ukikivuta kinagonga maji na kutoa povu. Cha pili ni kile chembamba kama penseli kinachopita juu ya maji kwa kuyumba. Kolekole huwawinda sana chuchunge, na hicho ndicho kinachomfanana chuchunge. Cha tatu ni samaki wa mpira aliyevalishwa kichwa cha risasi, kwa ajili ya tewa na changu waliokaa chini kwenye mawe. Popa ndiyo wageni wanaipenda, kwa sababu wanamwona samaki akija. Hapo ndipo wanapomkosa. Maji yanapasuka, mgeni anashtuka, anainua rodi juu, chambo kinaruka kinamfuata usoni. Mwambieni kabla: ukiona maji yamepasuka usifanye kitu, endelea kuvuta vilevile mpaka usikie uzito mkononi. Akikosa mara ya kwanza, kolekole hurudi mara nyingi, alimradi chambo hakijasimama. Ni mnyama mwenye hamaki. Kule Ushelisheli wakubwa wao wamepigwa picha wakiruka juu kunyakua ndege. Mkubwa kuliko wote aliyesajiliwa kwa rodi alitoka Japani mwaka 2006, kilo 72.8. Wetu wa horini ni wadogo wao, lakini tabia ni hiyohiyo.

Yule wa mpira ana adui yake, bunju. Unasikia vigongo viwili vidogo, toto, toto, unadhani ni changu. Ukikivuta unakuta mkia hauna kipande, kimekatwa nusu duara safi kama kwa mkasi. Ukiona hivyo usibadilishe rangi, hama mahali. Na mgeni akimpata bunju mwenyewe, acha apige picha anavyojivimbisha, kisha arudi majini. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Mzia, samaki wa meno makali, atakukata nailoni. Ukitia waya mzia anakaa, kolekole wa maji safi anakukwepa. Mimi huchagua kolekole na kukubali kupoteza chambo kimoja kimoja. Wengine hapa hawatakubaliana nami, na vyambo ni ghali, nawaelewa. Tafi na pono wao wanakula majani na kukwangua mawe. Mgeni akiwaona makundi kwa makundi chini ya boti akataka kuwarushia, mweleze kwa upole asichoke bure.

Joto lina deni lake. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na samaki aliyepigana Februari huchoka vibaya kuliko wa Agosti. Kama utamwachia, mwachie akiwa mzima. Toa zile ndoana za meno matatu, weka moja moja, bana chembe yake kwa koleo. Inatoka kwa kuzungusha mkono tu. Mwaga maji sakafuni mwa boti kabla samaki hajaingia, maana fiba iliyopigwa na jua inaunguza ngozi yake kama inavyounguza nyayo zako. Mshike kolekole kwa shina la mkia, lakini kwa glavu. Ana magamba makali yamepangana pale mkiani, yatakupasua kiganja. Mkono wa pili uwe chini ya tumbo, alale sawa, asining'inizwe kwa taya. Picha moja. Kisha kichwa kielekee mkondo unakotoka, mpaka apige mkia mwenyewe.

Na kumwachia hakukupi ruhusa ya kuvua popote. Hifadhi ya bahari ya Mombasa iliwekwa mwaka 1986. Ndani ya mipaka ya hifadhi yenyewe havuliwi samaki wa kula wala wa picha. Eneo la akiba linaloizunguka lina masharti yake, na leseni ya uvuvi wa burudani mgeni aikate kabla ya kupanda boti. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, akikusimamisha, habari ya "tulikuwa tunamwachia" haitakusaidia.

Nachukua maswali mawili, muadhini anakaribia.

Kijana wa nyuma anauliza: hapo ulipotutuma, mlangoni, pana mitumbwi ya wazee wa mshipi. Tufanyeje? Swali zuri, na ndilo gumu. Punguza injini ukiwa mbali, pita nyuma yake, msalimie kwanza, nyavu usizikanyage. Lakini kuna zito zaidi. Mgeni wako anamwachia kolekole wa kilo saba mbele ya mtu aliyetoka usiku kutafuta kitoweo na hajapata. Sheria haijavunjwa, lakini roho inauma, na mzee yule ataikumbuka boti yako. Ushauri wangu: huyo mzee muajiri. Siku za bamvua mlipe akae mbele ya boti yako aonyeshe kijito kipi kinatoka kwanza. Mstari ule wa maji niliousema mimi ninaufuata kwa jicho. Yeye anajua utakuwa wapi kabla haujatokea.

Mama hapa mbele: mgeni akitaka kumla samaki wake? Ampate changu wa sahani, au kolekole mdogo, mmoja anatosha meza nzima ukimpika wa nazi. Yule mkubwa ndiye mwenye mayai mengi, huyo arudi. Mwambie mgeni hivyo gatini, kabla ya kupanda, bei ikiwa bado mezani. Ukingoja umwambie samaki akiwa ameshaingia botini, utakuwa unabishana na mtu mwenye furaha, na hutashinda.