"Je" yetu na "je" yao

[Muziki unafifia. Mvua inasikika.]

BAKARI: Hamjambo wasikilizaji wetu. Ni sisi, Bakari na Shiru, chumba ni kilekile cha South B, Nairobi, na leo mvua inapiga mabati kwelikweli, mtatuvumilia. Tumepanga masomo matatu: namna za kuuliza swali kwa adabu katika Kifaransa, matumizi ya vous, ile "wewe" ya heshima, halafu ile t inayojipenyeza katikati ya maneno. Shiru, mbona kimya?

SHIRU: Sijapoa tangu Jumanne.

BAKARI: Ule mtihani?

SHIRU: Wa majaribio, ndiyo. DELF, ule mtihani wa Kifaransa kwa wageni, ngazi ya A2, wa mdomo. Unaijua sehemu ya tatu ilivyo: unaokota karatasi, unapewa igizo, mwalimu anakuwa mwenye duka ama mtu wa mapokezi. Mimi niliokota hoteli. Niulizie chumba cha watu wawili, bei, na kama kiamshakinywa kimo humo humo. Wiki mbili nimejiandaa, Bakari. Nikakaa, nikavuta pumzi, nikasema: "Je, vous avez une chambre ?"

BAKARI: Je!

SHIRU: Ya kwetu kabisa! Ile ya "Je, mmeshinda salama?" Mwalimu akanitazama, anangoja. Kwake yeye nimesema "mimi", kisha nikaanza sentensi nyingine. Akanisaidia polepole, "Je...?", kama mtu anayemshika mtoto mkono wavuke barabara. Mimi nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti: "Je, vous avez..." Mara tatu. Mara ya tatu koo ilikauka, maneno yote yakaniruka.

BAKARI: Pole, dada. Pole sana.

SHIRU: Asante. Nilipanda matatu nikiwa nimeinamisha kichwa mpaka nyumbani.

BAKARI: Lakini hebu tuikalie hiyo je kidogo, maana ulimi wako haukukupotosha mbali. Kiswahili kiliona swali linakuja, kikatanguliza je. Kifaransa nacho kina je yake ya swali, ila inaitwa est-ce que. Inakaa mbele, na maneno yaliyo nyuma yake hayahamishwi hata moja. "Vous avez une chambre" ni habari: mna chumba. "Est-ce que vous avez une chambre ?" Je, mna chumba? Kwa hiyo je ikikujia mdomoni, iondoe, weka est-ce que palepale ilipokuwa.

SHIRU: Haya, na nikitaka kusema "je, naweza"? "Est-ce que je peux". Je imerudi!

BAKARI: Imerudi, ila sasa ni "mimi". Na hata sauti si moja. Ya kwetu ni nzito, je ya jembe. Yao ni laini, kama sh iliyotiwa mngurumo.

SHIRU: Basi nikwambie jambo. Kuna "puis-je". Je imekaa mkiani. Na sisi tuna je ya mkiani: umefikaje, waitwaje, tutafanyaje. Miezi miwili mizima nilikuwa nikiona "Puis-je entrer ?" nasoma "Nawezaje kuingia?" Nilidhani mtu anaulizia mlango uko wapi, kumbe anapiga hodi!

BAKARI: [anacheka] Ya mkiani kwetu inaulizia namna. Yao ni mtu yuleyule, mimi, amerukia nyuma ya kitenzi. Na wasikilizaji, shikeni hapo: ni puis-je, si "peux-je". "Je peux" ikigeuzwa inavaa umbo la zamani, puis.

SHIRU: Tena swali lenye adabu kuliko yote darasani kwetu ndilo hilo, na je iko mwisho. Lisilo na adabu, "Je veux un café", je iko mwanzo.

BAKARI: Aa, si kwa sababu ya je! Ni kwa sababu ya veux. Nataka. "Je voudrais" nayo ina je mwanzoni na ni ya heshima.

SHIRU: Voudrais ni -nge- yetu. Ningependa.

BAKARI: Ndiyo. Na "je voulais vous demander" ni "nilikuwa naomba kukuuliza". Umeona? Unauliza sasa hivi, lakini unalirudisha ombi jana ili lisimkabe mtu. Wao wanafanya hivyo, sisi tunafanya hivyo. Haya, somo la kwanza...

SHIRU: Ngoja kwanza. Umesema adabu iko kwenye veux. Wiki iliyopita, nje ya hewani, uliniambia adabu haiko kwenye kitenzi.

BAKARI: Iko kwenye salamu. Nasimama hapo. Miaka sita nimekaa mapokezi ya hoteli, Diani, kule pwani. Mwenzetu mmoja mgeni wa kazi alikuwa na sarufi safi. Mama mmoja Mfaransa akafika kaunta, yule kijana akamwambia "Pourriez-vous me donner votre passeport ?" Ungeweza kunipa pasipoti yako. Sarufi haina doa. Lakini hakusema bonjour. Nikauona uso wa yule mama ukifunga. Bonjour ni hodi, Shiru. Ufaransa ukiingia duka la mkate ukaanza kuagiza bila bonjour, umeingia nyumba ya watu bila hodi. Ukishaisema, "est-ce que vous pourriez" inatosha kabisa, hata "je peux avoir une baguette, s'il vous plaît ?" inapita.

SHIRU: Mimi niliwahi kuingia duka moja Mombasa. Nikasalimia, habari yako. Nikasema, "Nipe maji." Mwenye duka akanipa, akamgeukia jirani yake, nami nasikia: "Hawa wa bara hawajui kuomba." Na nilikuwa nimesalimia, Bakari! Salamu haikunifaa kitu. Kilichonihukumu ni kile "nipe". Ningesema "naomba maji", nisingesemwa.

BAKARI: Ulisema habari yako, ukangoja ujibiwe?

SHIRU: Hilo ndilo linaloniuma. Kila mara kuna kipimo kingine. Huku Nairobi "niekee chapati mbili" husemwa kwa upendo, mama wa kibanda anakuita mwanangu. Ukitoka nje ya Nairobi, unaambiwa huna malezi. Sasa naenda kwa lugha ya watu, lafudhi yangu inanitangulia mlangoni. Mgeni hasamehewi. Ndiyo maana nataka vazi kamili: pourriez-vous, mngeweza; auriez-vous, mngekuwa na; kitenzi mbele, vous nyuma. Pakiwa na kasoro, isiwe kwenye sarufi yangu.

BAKARI: Na ukiongea hivyo kwa mhudumu wa mkahawa unasikika kama barua ya ofisi. Wenyewe wakiongea, mara nyingi wanainua sauti tu mwisho: "Vous avez une table ?" Kama Kiswahili! Sisi tumezaliwa na hiyo.

SHIRU: Wenyewe. Mimi si mwenyewe.

BAKARI: Sitaki mwanafunzi aogope kufungua mdomo kwa sababu hajageuza kitenzi.

SHIRU: Sikufunga mdomo kwa sababu ya kugeuza. Nilifunga kwa sababu nilishika njia rahisi, ile ya kutanguliza neno moja mbele.

BAKARI: Hapana, hapo sikubali.

SHIRU: Wala mimi.

[Kimya. Mvua.]

BAKARI: Wenye chumba wamebisha. Tumebakiwa na dakika tatu.

SHIRU: Na t?

BAKARI: T ya "y a-t-il", yaani "je, kuna", ni makanga: ananing'inia mlangoni kati ya irabu mbili. "Est-il" haimhitaji, ina t yake. "Prend-il" vilevile, maana ile d pale hutamkwa t. Mengine wiki ijayo.

SHIRU: Vous hatukuigusa kabisa. Na "Vous n'auriez pas de la monnaie ?", ile ya kukanusha, kama "huna chenji?" yetu...

BAKARI: Wiki ijayo, Shiru. Mtihani wenyewe lini?

SHIRU: Alhamisi.

BAKARI: Basi nipe ya hoteli tusikie. Mimi niko mapokezi.

SHIRU: Bonjour, monsieur.

BAKARI: Bonjour!

SHIRU: Nimengoja, umeona? "Auriez-vous une chambre pour deux personnes, s'il vous plaît ?"

BAKARI: "Est-ce que vous auriez."

SHIRU: "Auriez-vous."

[Muziki]