"Sasa" ina upana gani? Kuchunguza lugha na utamaduni wa mwalo katika kipindi kimoja

Ndugu zangu, wengi wenu mnajiandaa kuingia mialoni, yaani sehemu za pwani ya Ziwa Victoria wanakotia wavuvi na kushusha samaki, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, mkiwa na daftari na kinasa sauti. Kabla ya swali la kwanza kuna uamuzi wa kufanya: "sasa" mnayoichunguza inaanza lini na inaishia lini?

Mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ya Geneva ilichapishwa mwaka 1916, miaka 3 baada ya kifo chake, alitenganisha njia mbili. Daikronia hufuatilia mabadiliko ya lugha. Sinkronia huitazama lugha ilivyo katika kipindi kimoja, ambapo kila neno hupata thamani yake kwa kusimama pamoja na mengine.

Chukueni sangara. Aliletwa ziwani humu kuanzia miaka ya 1950, na kuongezeka kwake kukachangia sana kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Lakini kijana anayepima samaki Kirumba leo haihitaji historia hiyo ili alitumie neno hilo sawasawa. Kwake sangara ni yule asiye sato, mwenye mabondo (vifuko vyake vya hewa) yanayouzwa kwa bei yake, na mapanki yanayobaki baada ya minofu kutolewa. Ukieleza maana ya neno kwa kutaja samaki alikotoka, umejibu swali jingine kabisa. Ripoti nyingi huharibikia hapo.

Tuje kwenye upana wa hiyo "sasa". Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika. Mtafiti anayefika siku hizo na kuondoka atakuta watu wakishona nyavu, wakiziba mitumbwi na kudaiana mgawo. Amri za usiku ziwani hatazisikia, wala majadiliano ya akina mama wanaopokea dagaa alfajiri na kuwaanika. Kisha ataandika kwamba msamiati wa uvuvi umefifia! Kwa hiyo upana wa chini uwe mwezi mwandamo mzima, siku 29 au 30. Upana wa juu unawekwa na kazi yenyewe: mwalo ukihama kutoka karabai za mafuta kwenda taa za sola, maneno ya kupampu na kujaza mafuta yanapoteza mahali pake. Fungeni daftari hilo, mwanze jingine. Ukiwa na madaftari mawili ya namna hiyo, ulinganisho wa kihistoria utakuwa na pa kusimama.

Kwa kila msemaji andikeni umri, alikozaliwa, kazi yake mwaloni na lugha alizokua nazo, maana Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza na Kijaluo vyote hukutana hapa. Msichague wazee peke yao. Mzee anavyosema leo ni sehemu ya leo. Anavyokumbuka babu yake akisema ni kumbukumbu, iwekeni kando. Na kijana akitofautiana na mzee, msikimbilie kusema lugha inabadilika. Huenda kijana huyo akimiliki mtumbwi wake atasema kama mzee. Mwanaisimu William Labov, katika utafiti wake wa kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, uliochapishwa mwaka 1963, alilinganisha rika kwa rika, lakini alikuwa pia na rekodi za miaka ya 1930 za kupimia.

Upepo wa ziwa huharibu sauti kuliko kelele za soko. Fungeni kipaza sauti kwa sponji na mkae upande wa ukuta.

Kuhusu utamaduni, jihadharini na "hu-" ya mazoea. "Wasukuma hucheza ngoma za Wagika na Wagalu baada ya mavuno" ni sentensi isiyo na mwaka, na inawafanya watu waonekane wamesimama tangu enzi. Andikeni nani alicheza, wapi, mwezi gani. Mwezi, mwaka na jina la mwalo viwe katika aya ya kwanza ya kila sura, kwa sababu atakayewanukuu atachukua sura moja na kuuacha utangulizi.