Mbona sijanunua nyumba Atlanta? Leo najibu

Assalam aleikum watu wangu wa Malindi, wa Shela, Barani, Maweni, Muyeye, na nyote mliko. Shikamooni wazee wangu. Swali ni lile lile chini ya kila video: "Miaka yote hiyo Atlanta hujanunua nyumba, na kutwa wazungumzia kesi za ulaghai wa mikopo ya nyumba. Kwani wewe wakili?" Leo najibu. Wa kusema najivuna atasema, na wa kusema nalalamika huku nala dola atasema pia, lakini asikize kwanza.

Nilifika hapa 2006, nikapanga West End, mtaa wa Atlanta. Nyumba za mbao za zamani, baraza mbele, jioni wazee wamekaa nje kama kwetu. Kila wiki nyumba imeuzwa, na bei yazidi kupanda. Nyuma yake kulikuwa na ulaghai, na mpango wenyewe ulikuwa hivi. Tuseme nyumba ni ya dola 80,000. Mthamini, yule anayekadiria bei ya nyumba, akipewa chake pembeni aandika 200,000. Hapo hutafutwa mtu mwenye jina safi kwenye mikopo, maana huku kila mtu ana alama zake, kuanzia 300 hadi 850. Aambiwa: tia sahihi tu, hutalipa hata senti, chukua elfu tano zako. Benki ikishatoa pesa, wenye mpango wagawana ile ziada na kupotea. Mkopo haulipwi, nyumba haina mtu.

Mie mwenyewe niliombwa jina. Aliyeniomba ni mtu wa pwani, amekula wali kwangu mara nyingi. Nilipokataa, alipiga simu huko nyumbani akasema nimeota pembe, sitaki kuwafaa wenzangu. Mamangu akaulizwa harusini, mbele za watu: "Mwanao kawaje?" Hilo sijalisahau, na ninalisema leo kwa sababu sikupata pa kulisema.

Ndipo nikaanza kwenda mahakamani. Ile ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, iko katikati ya mji, yeyote aingia akaketi, ila kamera ni marufuku, kwa hivyo msinidai picha. Nyaraka nazisoma mtandaoni kwa senti 10 ukurasa, pesa ya shifti za usiku hiyo. Jimbo hili la Georgia lilitunga sheria yake ya ulaghai wa mikopo ya nyumba 2005, na kulaghai benki chini ya sheria ya shirikisho kifungo chafika miaka 30. Nilidhani nitaona matajiri. Nikamwona mtu wa kawaida kama mimi, ameazimisha jina lake, fomu ya mkopo yasema ataishi humo, na sahihi ni yake. Mbele ya jaji, "niliambiwa tu" haikumsaidia.

Lakini kilichonikaa moyoni ni bibi mmoja wa mtaani kwangu. Nyumba yake aliimaliza kulipa zamani, hakutia sahihi popote. Kodi anayolipa kaunti kwa nyumba hiyo ikapanda, maana kaunti ilitazama zile bei za uongo za jirani zake. Kisha nyumba hizo za jirani zikanadiwa, huku hunadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi kwenye ngazi za mahakama, nyingi zikabaki tupu. Wezi wakang'oa mabomba ya shaba, moja ikaungua. Thamani ya nyumba yake nayo ikaanguka. Bibi wa watu, pesa hizo hakuziona!

Wako wenzetu walionunua kihalali na wanaishi kwa raha, simkatazi mtu. Haya ni yangu mimi, hali zatofautiana.

Ila nyinyi ndugu zangu mnaonitumia ujumbe usiku, ati nitie sahihi hati ya shamba la mzee iende benki kuwa dhamana ya mkopo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 yampa mdaiwa aliyeshindwa kulipa notisi ya miezi 3, kisha ya siku 40 kabla ya mnada. Shamba hilo babu alilipalilia umri wake wote. Niliwajibu kwenye simu, sasa nawajibu mbele za watu: sahihi yangu sitoi. Na wewe mama, hati iache pale pale sandukuni.