Konde Huanzia Unyayoni: Mhadhara kwa Makocha na Mabondia

Ndugu makocha, ndugu mabondia, na wote mlioitikia mwaliko huu,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuboresha upigaji wa ngumi na mwendo wa miguu mazoezini, na katika mwaliko hayo yaliandikwa kama mambo mawili. Nitayazungumza kama jambo moja, kwa sababu udhaifu mwingi tunaouona ulingoni unatokana na kule kuyatenga. Bondia anaruka kamba na kuzunguka ukumbi kwa muda, kisha anasimama mbele ya begi na kulitwanga akiwa kama aliyepigiliwa misumari sakafuni, nasi tunatarajia kwamba siku ya pambano miguu na mikono itajuana yenyewe.

Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wataalamu wa Kisovieti waliopima mchango wa miguu, kiwiliwili na mkono katika konde la moja kwa moja. Kwa mabondia wa daraja la juu, miguu ilichangia takriban asilimia 38 ya nguvu, kiwiliwili asilimia 37, na mkono asilimia 24 tu. Kwa mabondia wa daraja la chini, mchango wa miguu ulikuwa asilimia 16 hivi, huku ule wa mkono ukifikia asilimia 38. Unaweza kubishana na njia ya kupima, na mimi mwenyewe sizichukui takwimu hizo kama msahafu, lakini zinaelekea kulekule ambako macho ya kocha mzoefu yanaelekea: anayeanza hupiga kwa mkono, aliyekomaa hupiga kwa ardhi.

Tulichukue konde la mkono wa nyuma, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kila kitu. Nitaeleza kwa bondia anayetanguliza mguu wa kushoto. Anayetanguliza wa kulia ageuze maelezo yangu. Miguu imepishana kwa upana wa mabega, haiko juu ya mstari mmoja, magoti yamelegea kidogo, na kisigino cha nyuma kimeinuka kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Konde linaanza pale sehemu ya mbele ya unyayo wa kulia inapoisukuma sakafu. Kisigino kinageukia nje, nyonga inazunguka kama mlango kwenye bawaba zake, bega linafuata, na mkono unatoka mwisho kabisa, ukiwa bado umelegea. Kiwiko kinabaki chini hadi karibu na mwisho wa safari. Kikifunguka mapema kuelekea pembeni, mpinzani ameshapewa taarifa na nyonga imeshapoteza nusu ya kazi yake. Ngumi inakazwa inapogusa, wala si kabla, na inagusa kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Wanaogusa kwa upande wa kidole kidogo huvunja mfupa wake wa kiganjani, na jeraha hilo limezoeleka kiasi kwamba madaktari wa nchi nyingi wamelipa jina la mchezo wetu.

Konde likishafika, bega la kulia linakuwa limefunika kidevu na mkono wa kushoto uko shavuni. Hapo ndipo ninapopenda kumsimamisha bondia. Namwambia agande vilevile alivyo, kisha namsukuma begani kwa vidole viwili. Akiyumba, au akilazimika kupiga hatua, hakuna haja ya kuulizana kuhusu nguvu, kwa kuwa uzito wake umepita mbele ya goti la kushoto na konde lolote la kujibu litamkuta hana miguu. Makosa mawili huonekana zaidi katika jaribio hilo: mguu wa nyuma uliopaa hewani, na kichwa kilichotangulia ngumi. Yote mawili yanatokana na tamaa ya kufika mbali, na dawa yake haimo mkononi. Dawa yake ni hatua.

Kuhusu hatua, sheria yenyewe ni fupi, ingawa kuitii kunachukua miaka. Mguu ulio upande unakokwenda ndio unaotangulia, na mwenzake anafuata kwa umbali uleule. Ukienda mbele, wa mbele hutangulia; ukirudi, wa nyuma; ukienda kushoto, wa kushoto. Miguu haikutani wala haikatani, kwa sababu bondia anayepigwa miguu yake ikiwa imekutana huanguka hata kwa konde la wastani. Hatua yenyewe iwe ndogo, nusu ya unyayo inatosha, na unyayo usipae bali upite karibu na sakafu. Joe Louis, aliyetetea taji la uzito wa juu mara 25 kati ya mwaka 1937 na 1949, alikuwa mtu wa hatua fupi za kusogea, na makonde yake pia yalikuwa mafupi. Muhammad Ali, ambaye mwaka 1964 alimshinda bingwa wa uzito wa juu Sonny Liston, aliyekataa kutoka kwenye kiti raundi ya saba, alitembea kwa namna nyingine kabisa. Ninawataja pamoja makusudi, ili kijana asiamini kwamba kurukaruka ndiko kutembea vizuri. Na kwa kuwa nimemtaja Ali, niseme wazi kwamba mikono yake iliyoning'inia kiunoni ilikuwa mali yake peke yake; asiye na macho na kasi ile asimwige.

Sasa tuunganishe. Katika konde la mkono wa mbele, yaani jabu, linalopigwa kwa kusogea, ngumi inapaswa kufika wakati unyayo wa mbele unatua, au nukta moja kabla. Unyayo ukitua kwanza, uzito wa mwili umeshamwagika sakafuni, na kinachofika kwa mpinzani ni mkono mtupu. Hili husikika kabla ya kuonekana: simama na mgongo kwa bondia anayepiga begi, usikilize kama kuna milio miwili au mmoja. Kwa konde la mkono wa nyuma mambo ni tofauti, kwa maana mguu unapaswa kuwa umeshashika ardhi ili upate pa kusukumia, na ndiyo maana jabu na konde la nyuma vinakwenda pamoja: la kwanza linanunua umbali, la pili linautumia.

Konde la pembeni la mkono wa mbele lina zawadi ambayo wengi hawaichukui. Mzunguko uleule wa nyonga unaolipa nguvu unaweza kuendelea, unyayo wa mbele ukizunguka mahali pake na mguu wa nyuma ukifagia nusu duara, hadi bondia anajikuta pembeni mwa mpinzani badala ya mbele yake. Vasyl Lomachenko, bondia wa Ukraine ambaye baba yake alimtoa kwenye ndondi kwa muda ili akajifunze ngoma za jadi, amejenga sifa yake juu ya kuondoka kwa pembe baada ya kupiga. Sisemi kila mtu apelekwe ngomani, ila mfululizo wowote unaomwacha bondia palepale alipoanzia haujaisha.

Begi, kwa bahati mbaya, halijibu, na kwa hiyo hulaza miguu. Njia ninayoitumia ni kuchora duara la chaki sakafuni kulizunguka, na kumtaka bondia kila baada ya makonde matatu au manne awe amehama robo ya duara, kwa kushoto mara moja na kwa kulia mara inayofuata. Raundi iwe ya dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, kama ilivyo ulingoni, lakini raundi za mwanzo ziwe za polepole kiasi cha kuona aibu. Kazi ya ufundi ifanywe mwanzoni mwa mazoezi, kabla ya mbio na kabla ya vyuma, kwa kuwa miguu iliyochoka hujifunza kosa kwa haraka kuliko ilivyo kwa miguu freshi kujifunza jambo jema. Kamba nayo ina nafasi yake ya kujenga pumzi na wepesi, lakini haifundishi umbali.

Nawaomba sasa mabondia wawili wavae glavu na waingie ulingoni, wasipige kichwani, na mmoja atumie jabu peke yake huku mwingine akitumia miguu peke yake. Wengine wote tutatazama chini ya magoti.