Malta walipigia kura ndege? Haya, leo nawajibu

Assalam aleikum ndugu zangu wa Malindi, Mambrui, Lamu na kokote muliko. Leo sikupanga kurekodi manake nimetoka shifti ya usiku, lakini komenti zimezidi, kila video mtu aandika lile lile, hiyo milio nyuma yako ni ya nini, na ni kweli hao watu wa Malta, hii nchi ya kisiwa huku Ulaya ninakofanya kazi, walipiga kura nchi nzima kwa ajili ya ndege? Ndiyo, ni bunduki, na ndiyo, walipiga kura. Na kabla hujaniandikia kuwa naringa kwa sababu niko Ulaya, ama nalalamika na hali nimepata, hakuna hata moja hapo, mumeuliza nami najibu.

Kura ilikuwa tarehe 11 Aprili 2015, mimi sikuwepo, nimeyakuta. Swali lilikuwa ile ruhusa ya kuwinda hua na kware mwezi wa nne ibaki ama iondoke. Si uwindaji wote, huo wa mwezi wa nne tu, manake hapo ndipo ndege wapita kisiwani wakitoka Afrika, hua wamekimbia baridi huko Mali na Sudan sasa warudi Ulaya kutaga, ukimpiga mmoja wakati ule umepiga na makinda yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya yakataza, lakini Malta wajipa ruhusa maalum, na mahakama ya Ulaya ilishawatia makosani 2009. Kware nyinyi mwamjua, ule wazimu wa kufuga kware kwa mayai Kenya 2014 nani hakuusikia, na shemeji, najua waitazama hii video, pesa zangu za vizimba sijasahau.

Sasa hiyo kura haikuletwa na serikali. Ni raia wenyewe walizunguka na karatasi wakakusanya saini zaidi ya 40,000. Waziri mkuu wa wakati ule, Joseph Muscat, akasema yeye ni ndiyo, yaani ruhusa ibaki, mkubwa wa upinzani naye vilevile ndiyo, kwa hivyo wale wa hapana hawakuwa na chama kikubwa nyuma yao, na bado ikawa hivi: ndiyo 126,434, hapana 124,214. Tofauti 2,220 nchi nzima! Bas, bunduki zikabaki.

Kuna mzee mmoja namhudumia, alikuwa mwindaji tangu ujana wake, sebuleni ana kabati la kioo limejaa ndege waliokaushwa, macho ya gololi, wewe wampa dawa na wao wakutazama. Yeye alipiga ndiyo. Hoja yake ni ile ile waliyotembea nayo wawindaji kwenye kampeni, kwamba leo wengi wakiondoa starehe ya wachache kwa kura, kesho wataondoa fataki za sherehe za watakatifu, kesho kutwa jambo jingine. Ni kama watu wa Nairobi wapige kura mbio za punda za Lamu ziondolewe, hebu fikiri. Hapo nilimwelewa, sitadanganya. Bintiye alipiga hapana, na hayo mazungumzo mezani kwao hayafunguliwi.

Na mwezi huo huo wa kura, kipanga, si hua wala kware, aliyepigwa risasi akaanguka kwenye uwanja wa shule, watoto wapo, Muscat akafunga msimu mapema. Hua wenyewe wamepungua mno Ulaya, wakasimamishiwa uwindaji wa mwezi wa nne kwa miaka kadhaa, 2022 ukafunguliwa tena.

Mimi sina kura. Kodi nalipa, siku yangu ya kulala naamshwa na milio hiyo alfajiri, nikienda kutembea shamba nakuta mawe yamepakwa chokaa yameandikwa RTO, yaani pana mwenyewe usipite, na chini maganda ya risasi mekundu na ya buluu yamezagaa, lakini kura ni ya raia. Kibali changu cha kazi kimefungwa kwa bosi, nafanya upya kila mwaka, ada natoa mimi, na safari hii ofisi moja imenirudisha kwa sababu mwenye nyumba hataki kutia saini kandarasi ya kupangisha, aogopa sijui nini, na pasi mwezi mzima iko kwao. Nyumbani waandika "tutumie kidogo". Kidogo gani?

Lakini nyinyi mnaosema wazungu hawana kazi, wapigia kura njiwa na sisi hatuna maji, hapo hatuelewani. Lamu kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa nani aliwauliza? Ni watu wenyewe walikwenda kushtaki mpaka leseni ikafutwa 2019, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Malta ukikusanya asilimia kumi ya wapiga kura waweza kuiweka sheria kwenye kura, ukashindwa umeshindwa lakini umeulizwa. Hicho ndicho nawaonea wivu, si hizo euro mnazonihesabia.

Kuhusu kuja huku, kila mtu na riziki yake, mwenzangu alipata kibali chapchap, mimi nilisota, usichukue maneno yangu ukauza shamba la babako. Maswali ya karatasi andikeni nitajibu ninachokijua. Wale wa "nipe namba ya ajenti", sina ajenti, na ningekuwa naye nisingewapa.